Upinzani Anatafutiwa Kaya

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na tano Mei, kati ya chai ya saa nne na maharagwe ya saa saba. Mpaka asubuhi ile Komora alikuwa mtu kama watu: maskini, amefiwa na mke, ana nyumba isiyo na paa kule Idsowe na mdomo usio na breki hapa Minjila. Ilipofika adhuhuri akawa hayupo. Hakufa, hakufungwa, hakuhama. Aliulizwa swali moja tu na kijana mwenye koti la mistari ya kung'aa, akalijibu kwa ukweli, na ukweli huo ukamfuta.

Kijana alimkuta mbele ya hema lake kando ya barabara, akamwamkia vizuri, akauliza, "Mzee, hapa kwako mnapikia wapi?" Komora akajibu kwamba hapa hapapikwi. Kijana akagusa simu yake mara mbili, akasema pole, lakini hii si kaya, akaenda hema la jirani.

Sasa ikumbukwe kwamba wakubwa walikuwa wametangaza, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari, kwamba kila kaya iliyoathirika na mafuriko itapewa mabati ya kuezekea. Komora aliathirika kuliko athari yenyewe. Maji yalichukua kuku, yakachukua godoro, yakachukua sufuria zote na kifuniko cha mwisho, yakaangusha makuti na boriti. Kilichobaki ni kuta nne ambazo marehemu Elsie alizikandika kwa mikono yake, na ukisimama karibu unaziona alama za vidole vyake kwenye udongo. Komora hakuomba godoro wala kuku. Alitaka kitu cha kufunika kuta zile, maana mvua za vuli zikizikuta wazi, zitarudi kuwa tope la kawaida, na vidole navyo vitakwenda.

Na sasa anaambiwa kwamba kwa kuwa maji yamechukua sufuria, hana pa kupikia. Na kwa kuwa hana pa kupikia, si kaya. Na kwa kuwa si kaya, maji hayakumfanya kitu. Akili kama hiyo haipatikani kwa mtu wa kawaida. Lazima upewe ofisi kwanza.

Alivua viatu kwa ajili ya matope, akatembea kwa hasira mpaka kijiweni.

Kijiwe kiko Minjila pale njia inapogawanyika, moja ikienda Garsen na Hola, nyingine Lamu. Ni mbao mbili ndefu juu ya mawe, ubavuni mwa kibanda cha Zipporah, na jina lake ni Wizara. Jina hilo Komora ndiye aliyelitoa, kwa hoja kwamba hapo watu huketi kutwa, hunywa chai, hutoa ahadi, na hakuna kazi inayoonekana. Yeye mwenyewe huitwa Upinzani, kwa sababu hata mvua ikinyesha kwa kiasi anauliza ni nani huko juu amefaidika.

Aliwakuta wote wapo. Wario, Muorma dalali wa mbuzi, ambaye huitwa Bei Gani kwa kuwa hata msibani ataliuliza jeneza bei. Abdulmalik fundi cherehani, mtu wa Kipini, anayeitwa Kamusi kwa imani yake kwamba Kiswahili chote cha bara kimeazimwa kutoka kwao na hakijarudishwa. Na Fondo, kijana wa Kigiriama mwenye bodaboda, aitwaye Turbo, ingawa pikipiki yake husukumwa kila asubuhi ndipo iwake. Zipporah alikuwa ndani ya kibanda, akikoroga sufuria kubwa nyeusi ya maharagwe, akisikiliza kila kitu bila kugeuka.

Komora hakusalimia. Aliketi, akaweka viatu magotini kama mtu aliyebeba mtoto. "Leo nimefutwa," akasema.

"Kazi?" Turbo akauliza. "Kwani ulikuwa nayo, mzae?"

"Nimefutwa kuwa kaya," akasema, akawasimulia habari ya kijana wa koti.

Turbo akashangaa kweli. Kwao kaya ni msitu wa wazee, ukiingia unavua viatu na hukati hata ufito. Akamtazama Komora juu mpaka chini, akavitazama viatu magotini, akasema hakujua kwamba mzee wa Idsowe aliwahi kuwa msitu.

Wario akasema kijana wa koti huenda amesema kweli. "Mimi najua boma. Kama iko ng'ombe, iko boma. Kama hakuna ng'ombe, hiyo ni mtu amesimama tu. Sasa Upinzani hata mbuzi hana. Hata kuku ilienda na maji. Mimi nasema huyo kijana si mbaya."

Hapo Kamusi akakohoa. Kikohozi cha Kamusi hakina uhusiano na kifua. Ni kengele ya darasa. Akasema kwamba kaya si ng'ombe wala si miti, kaya ni watu wa nyumba moja.

"Nyumba ninayo," Komora akasema.

"Na watu je?"

"Mimi hapa."

"Wewe u mtu, ndugu yangu. Watu huanzia wawili."

Komora akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe Elsie alipokufa alikwenda na wingi wangu."

Wizara yote ikainamisha macho kwenye vikombe. Kamusi alijuta, na Kamusi akijuta hutoa neno. Akamwambia lugha haijamsahau hata kidogo, mwanamume aliyefiwa na mke ana jina lake kamili, huitwa mgane. Turbo alidhani ni samaki. Wario akauliza kama hilo ni tusi, na kama si tusi, kwa nini hajawahi kulisikia mnadani, ambako yeye amesikia maneno yote ya dunia. Kamusi akaapa kwamba lipo, tena la zamani, na huko Kipini hata watoto wanalijua.

"Haya," Komora akasema, "neno lipo, mabati hakuna. Hiyo ndiyo serikali."

Walikuwa bado wanalipima neno mgane kama watu wanaopima mbuzi asiye na meno, kijana wa koti alipotokea mwenyewe, na tope mpaka kwenye nyusi, akitafuta chakula. Jina lake Griffin. Ni mtoto wa Kulesa, watu wanamjua mpaka bibi yake. Alisoma mpaka chuo kikuu, akarudi na cheti, akakaa na cheti hicho nyumbani mpaka mafuriko yalipokuja na kumpatia kazi ya kuhesabu kaya. Ndivyo nchi inavyokwenda: mtu akitaka ajira aombe maji yapande.

Aliagiza chapati na maharagwe. Kabla hajakata tonge la kwanza, Wizara ilikuwa imemzunguka. Komora alimwuliza kwa upole wa kutisha ni nani aliyempa mamlaka ya kumtoa mtu duniani.

Griffin hakukasirika. Alisema hajamtoa mtu, amefuata fasili tu. Na kuhusu maneno, wasiwe na wasiwasi, kwani hiyo ndiyo taaluma yake. Amesomea isimu, na hasa semantiki.

"Hiyo inashika watu ama wanyama?" Wario akauliza.

"Si ugonjwa, mzee. Ni elimu ya maana. Tunachunguza neno lina maana gani, na maana hiyo inaanzia wapi na kuishia wapi."

Zipporah akageuka kwa mara ya kwanza. "Na hiyo unasomea miaka mingapi?"

"Minne, mama."

"Ajabu. Sisi tunaongea tangu tuzaliwe na tunaelewana."

"Mimi sasa nimeelewa," Komora akasema. "Wakubwa walikaa wakaona kuna kitu kimoja maskini bado anatumia bila ruhusa, nacho ni maneno. Wakaweka askari."

Griffin alitafuna, akatabasamu, akaeleza kwa mfano, maana waliosoma wakiona umeshika kichwa hukupa mfano. Akasema neno ni kama shamba. Lazima liwe na mpaka, ujue hapa ni lako, pale ni la jirani. Bila mpaka ni vurugu.

Alisahau anaongea na nani. Komora akamwuliza kama mfano huo ameutoa Kulesa au huko chuoni, kwa sababu shamba la mtu wa Tana mpaka wake ni mto, na mto ukiamka vibaya unahama. Lake yeye la migomba mwaka juzi lilikuwa upande huu. Sasa liko ng'ambo, na anayelipalilia ni mtu ambaye hawajawahi kusalimiana. "Ukiniambia neno ni kama shamba, kijana, umeniambia neno linaweza kulala upande huu na kuamka ng'ambo."

Turbo akapiga paja. Griffin mwenyewe akakiri kwamba ni hoja, na kwamba kuna mwalimu wake mmoja angeipenda. Lakini ndiyo sababu, akasema, watu huweka fasili, ili neno litulie. Na fasili aliyopewa ni hii: kaya ni watu wanaopika na kula chungu kimoja.

Ikawa kama amemwaga mtama mbele ya kuku.

Wario alianza. Yeye ana wake wawili, Darmi na Dado, kila mmoja na nyumba yake na chungu chake, leo anakula huku, kesho kule. Je, yeye yuko kaya gani? Griffin akasema kila mke ni kaya, na mume huhesabiwa pale alipolala usiku uliopita.

"Jana nililala kwa mbuzi. Fisi ilikuwa inasumbua."

"Basi mwandike kaya ya mbuzi," Komora akasema. "Wataezekewa kabla yangu."

Kamusi akafuata. Mkewe Bahiya amekwenda Kipini kwa mamake kujifungua. Chungu kipo jikoni kimefunikwa, mpishi hayupo, na yeye fundi hajui hata kuchemsha maji bila kuunguza. Mbona yake imeitwa kaya bila swali? Griffin akasema kwa sababu chungu alikiona.

"Ngoja nielewe," Komora akasema, akaweka viatu chini ili apate mikono. "Chungu kisicho na mtu ni kaya. Mtu asiye na chungu si kaya. Kwa hiyo siku ile maji yalipokuja usiku, mimi nikapanda juu ya mti nikijiokoa, nilikosea. Nilitakiwa kupandisha sufuria, mimi nibaki chini."

Griffin akafungua fasili kwenye simu, akaisoma upya. Katika miaka yake yote minne hakuna aliyemfundisha jibu la hilo.

Hapo ndipo Turbo, kwa nia njema kabisa, alipotia moto nyumba. Alisema huyu mzee asionekane kama hali chakula, anakula kila siku, tena anakula vizuri, buda, mwangalie tu lile tumbo.

"Anakula wapi?" Griffin akauliza.

"Si hapa."

"Kila siku?"

"Kila siku ya Mungu."

Griffin akaweka chapati chini. Macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeona ndege ambaye alikuwa amemsoma tu kitabuni. Akaitazama sufuria nyeusi ya Zipporah. Wote wakaitazama. "Chungu kimoja," akasema taratibu.

Wizara ina desturi moja ambayo kila mwanachama huishika kuliko dini yake: mwenzako akitoa ushahidi, humwachi peke yake kama yatima, unaongeza. Ukisikia mwenzako amemwona chui, wewe ulimwona na watoto. Hivyo Turbo alipoapa kwamba Upinzani hula katika sufuria ile, Kamusi akaona aibu kunyamaza, akasema hata yeye, tangu Bahiya aondoke, na kabla hajaondoka pia, na wallahi yeo hii ukimpasua utakuta maharagwe ya Zipporah tangu ujana wake. Wario naye hakukubali kuachwa nyuma. Akasema chakula cha Darmi anaonja tu kwa heshima, cha Dado anaonja kwa amani, lakini kile kinachomfanya asimame mnadani ni cha hapa. Turbo akamaliza kwa kusema yeye hana hata kijiko chumbani kwake. Asubuhi hapa, mchana hapa, usiku hapa, na akiota anaota yuko hapa.

Griffin alikuwa akigusa simu kwa kila kiapo. Akaomba vitambulisho, wakampa, maana mtu aliyeapa haulizi. Simu ikatoa mlio.

"Imekubali," akasema. "Hii ni kaya."

Zipporah akamimina chai bila kuulizwa. Kamusi akamkumbatia Upinzani. Kwa muda wa kikombe kimoja Komora aliiona nyumba yake imeezekwa, jua linapiga juu ya mabati, na chini yake kuta ziko kavu na vidole viko pale pale. Hakusema kitu kibaya juu ya mtu yeyote aliye madarakani, na kwake hiyo ilikuwa ni kama kufunga saumu.

Kikombe kilipoisha, Kamusi akauliza, kwa kutaka kujua tu, kitambulisho chake kilitakiwa cha nini.

Griffin akaeleza. Kitambulisho kimoja, kaya moja. Wao wamethibitisha, tena kwa kiapo, kwamba wanakula chungu kimoja hapa. Kwa hiyo simu imewaondoa walikokuwa na kuwaweka pamoja. Kaya moja, fungu moja la mabati. Akaongeza kwamba kwa upande wa nadharia jambo hili limemfurahisha sana.

Kamusi akakiweka kikombe chini.

"Nimeachishwa mke na simu," Kamusi akasema.

Wario yeye alicheka kwanza, kwani alidhani anayezungumziwa ni Kamusi peke yake. Alipoelezwa kwamba ametolewa kwa Darmi na kwa Dado kwa mpigo mmoja, akasimama, akaketi, akasimama. Alisema Darmi hataki kusikia kwamba amehamia kwa Dado hata kwa usiku mmoja wa fisi. Atasikiaje kwamba amehamia kwa maharagwe. Aliyefurahi ni Turbo tu. Tangu atoke kwao hajawa na mtu Minjila, na sasa simu ya wakubwa imesema ana familia. Akauliza kama atapata pia baba.

Kisha wote wakamgeukia Komora. Walimwambia upinzani wake ndio umewafikisha hapa, kwamba mtu mwenye mkosi akikalia benchi, benchi zima huota kutu. Komora akajibu kwamba yeye alikuja kulia tu, hakumwomba mtu aape. Maneno yakapanda mpaka mtu aliyekuwa akingoja gari la Lamu akasogea karibu asikose.

Zipporah ndiye aliyekata. Aligonga upawa kwenye ukingo wa sufuria, akawauliza swali la kijinga kuliko yote: kati yenu nyote, nani nyumba yake haina paa? Wakatazamana. Kamusi ana paa. Wario ana mapaa mawili na la mbuzi la tatu. Turbo amepanga, paa ni shida ya mwenye nyumba. "Basi mabati yaende Idsowe," akasema, "na mniache nipike."

Iliwauma kukubali, lakini hawakupata pa kushika. Wario alisema sawa, apewe, ila yeye arudishwe kwa Darmi kabla ya magharibi. Griffin akasema inawezekana. Kaya ikishafungwa vizuri na mabati kutoka, marekebisho ya mtu mmoja mmoja hufuata. Ila kuifunga simu inataka kwanza mkuu wa kaya.

Walimtazama Zipporah, mwenye chungu. Alikataa kabla hawajasema. Mumewe Zachary ni dereva wa lori la saruji, anakuja mwisho wa mwezi, na ana wivu wa mtu aliye mbali. Akifika akute mkewe ameandikwa mkuu wa kaya yenye wanaume wanne na yeye hayumo, lori halitasimama barabarani, litapita ndani ya kibanda. Basi akabaki yule ambaye nyumba ni yake.

"Mazee," Turbo akasema, "Upinzani ameingia serikalini."

Na ilikuwa kweli, maana iliingia mwilini papo hapo. Komora alijiona akihamia katikati ya ubao. Alimwambia Wario asogee kidogo. Alimtuma Turbo kikombe kingine, naye Turbo akaenda, akarudi nacho, ndipo akashtuka. Kamusi alipotaka kuuliza jambo, Komora akainua kiganja na kusema litaangaliwa. Alisikia neno hilo likitoka kinywani mwake, akaona haya, lakini hakulirudisha; lilikuwa tamu.

"Sasa tunamaliza," Griffin akasema. "Kila mmoja, uhusiano wake na mkuu wa kaya. Simu ina majibu yake, mnachagua."

Turbo alichagua mtoto kabla hajamaliza kusomewa. Kamusi alikataa kuwa mtoto wa mtu asiyejua neno mgane, akaandikwa mkwe, kwa sababu mkwe huheshimiwa hata akikosea. Wario akaandikwa ndugu. Hapo yeye na Komora walitazamana kwa pembe ya jicho, mfugaji na mkulima, watu ambao babu zao waligombania maji ya mto mmoja mpaka wakachoka, na sasa wanaunganishwa na mtu wa chuo kwa kidole gumba. Hakuna aliyepinga. Wario alisema tu kwamba kama ni ndugu, basi ng'ombe wakija kunywa asiitwe chifu.

"Na mama Zipporah," Griffin akasema. "Hawezi kuachwa nje, chungu ni chake. Uhusiano na mkuu wa kaya."

Akasoma majibu ya simu. Mke. Mtoto. Mzazi. Ndugu. Mkwe. Mtumishi wa nyumbani.

Ndugu na mkwe hazikuwezekana; Wario na Kamusi walikuwa wameshazijaza, na simu ilikataa kwa rangi nyekundu kuzirudia. Mtoto na mzazi zilikataa kwa umri. Griffin akajaribu kuacha pengo, simu ikasema pengo si jibu. Akanong'ona kwamba labda mtumishi, na upawa ndani ya kibanda ukasimama katikati ya maharagwe. Akasema samahani, mama, nilikuwa nasoma tu.

Turbo akamwinamia Komora sikioni. "Sema mke, mzae. Ni simu, si kanisa. Unasema, inafunga, mabati yanakuja, kwisha."

Na Komora akaona kwamba ni kweli. Neno moja tu. Kuta za Idsowe zilikuwa upande wa pili wa neno moja, na neno lenyewe alilijua. Zachary yuko mbali, Zipporah angeelewa, Mungu ameona makubwa kuliko hayo. Akafungua mdomo.

Lakini neno hilo yeye hakulisomea kwa miaka minne. Alilijua kwa Elsie aliyekuwa akikohoa nje ya mlango ili mume asishtuke, Elsie aliyemtengea ukoko wa wali bila kuambiwa, Elsie aliyepaka udongo ukutani huku akimtukana kwa uvivu wake na kumwomba amkune mgongo kwa kuwa mikono ina tope. Kila alipotaka kulisogeza neno likae mahali pengine, lilikuja na vitu vyote hivyo, kama mti unaong'olewa na udongo wake. Simu ikaanza kufifia. Griffin akaigusa isilale.

"Hilo lina mwenyewe," Komora akasema.

"Amekufa, mzee," Griffin akasema taratibu.

"Najua amekufa. Mimi ndiye niliyemzika. Nakwambia lina mwenyewe."

Basi kaya haikufungwa. Wario alichukua fimbo yake, akaondoka kwenda kumtafuta Darmi kabla habari hazijamtangulia. Kamusi akaenda kumpigia Bahiya simu, akifanya mazoezi ya sentensi ya kwanza njiani. Yule mtu wa Lamu gari lake lilikuwa limempita na hakujua. Turbo akampakia walifukuze, baada ya kusukumana na pikipiki kidogo. Komora akabaki katikati ya ubao mrefu, mkuu wa kaya ambayo haipo. Wakubwa wangesema ni kosa lake mwenyewe, na safari hii, katika moyo wake, hakuwa na la kuwajibu.

Griffin alisimama akapangusa koti, akasema atauliza huko juu, labda kuna jibu jingine la kuongeza kwenye simu. Ameshauliza. Kuta za Idsowe ziko wazi mpaka hivi tunavyosema, na huko juu wanatazamana juu ya swali alilowapelekea. Maana kabla hajaondoka siku ile, Zipporah alitoka nje ya kibanda, akasimama mbele yake na upawa mkononi, akamwuliza bila hasira, kama mtu anayetaka tu kufundishwa:

"Wewe uliyesomea maana, nisaidie. Mwanamke anayewapikia watu hawa kila siku, akajua huyu hali pilipili, yule akinyamaza ana homa, na yule pale huja mapema kwa sababu hawezi kukaa kwake asubuhi, na hakuna hata mmoja aliye wake: huyo ni nani wao?"